Njia ya Kupanda Old Moshi

Wengi wetu tukisema Moshi tunafikiria stendi, soko la Mbuyuni na mnara wa saa. Lakini mji huo ni mchanga. Ulikua baada ya reli ya kutoka Tanga kufika mwaka 1911, ukachukua jina la mahali palipo juu mlimani. Wenye jina wakabaki kuitwa Old Moshi.

Siku moja ipande njia ya kutoka Kiboriloni, katikati ya migomba na kahawa. Utafika Tsuduni, penye mti alikonyongwa Mangi Meli tarehe 2 Machi 1900, pamoja na wenzake 18. Mwaka 1892 wapiganaji wake waliwashinda Wajerumani. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na jeshi kubwa, wakamshinda. Wazee husimulia kwamba baada ya kunyongwa alikatwa kichwa, kikapelekwa Ujerumani. Jamaa zake wamekitafuta miaka mingi. Septemba 2023 ilitangazwa Berlin kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata jamaa wa mafuvu matatu, moja likiwa la akida wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo. Sisi tunaosafirisha marehemu wetu kutoka Dar es Salaam ili tuwazike kihambani tunaujua uchungu huo.

Endelea kupanda hadi Kidia. Hapa wamisionari wa Leipzig walifungua kituo mwaka 1896, miaka minne kabla ya kitanzi. Hapa Bruno Gutmann alitumika miaka mingi, hadi 1938, akijifunza Kichaga na kuandika sheria na desturi za wenyeji.

Mti na kanisa viko kwenye njia moja. Hata hivyo, tunapoadhimisha kuja kwa injili tunawataja wamisionari kwa majina, na habari za Meli tunawaachia walimu wa historia. Tunasahau kwamba walioimba nyimbo za kwanza Kidia walikuwa watu wa Meli, na kilio chake kilikuwa chao.

Kumshukuru Mungu kwa injili hakutudai tuufiche mti. Kaini naye aliulizwa alipo nduguye, na kujifanya hajui hakukumsaidia.

Basi mkiwapeleka vijana wa kipaimara Kidia, simameni kwanza Tsuduni. Watajeni waliouawa, waombeeni jamaa ambao bado wanangoja kuzika, kisha pandeni kanisani.