Embe Bichi Kando ya Kuku

Kuku wa kuchoma aliyekunjwa ndani ya mkate mwembamba pamoja na matunda yaliyokatwakatwa, yakatiwa ndimu na pilipili, husifiwa siku hizi kuwa ni mapishi mapya. Matunda hayo huitwa salsa, neno la Kihispania lenye maana ya mchuzi, na sifa hupewa wapishi wa Marekani waliochanganya ya Meksiko na ya Asia. Mtu wa pwani ana haki ya kutabasamu.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, aliteremka Mogadishu akawa mgeni wa sultani. Ameeleza alichoandaliwa: wali uliopikwa kwa samli, juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Kando yake palikuwa na achari ya ndimu, pilipili iliyotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi, na maembe. Embe likiiva, asema, ni tamu na huliwa kama matunda mengine. Likiwa bichi ni kali kama ndimu, nao hulitia siki. Wenyeji walikuwa wakila tonge la wali, kisha wakilifuatishia achari. (Akaongeza, bila ya kuwaonea haya wenyeji wake, kuwa mmoja wao hula chakula cha kundi zima.) Basi tunda chachu kando ya kuku lakaribia miaka 700 katika mwambao huu. Jina la sultani limo kitabuni. La aliyelikata embe halimo.

Pilipili ile, hata hivyo, siyo hii ya leo. Pilipili nyekundu asili yake Amerika, nayo haikuweza kuvuka bahari kabla ya safari ya Columbus ya 1492. Ilipofika ikamnyang'anya mwenyeji jina lake, na yule wa zamani akabaki kuitwa pilipili manga. Nanasi, kinyume chake, lilikuja na jina lake: Wareno walilipata kwa Watupi wa Brazil. Chapati na kachumbari ni maneno ya Bara Hindi. Na kuku mwenyewe, ambaye jina lake ni la Kibantu kabisa, ni mgeni kutoka Asia. Wachimbuzi wameikuta mifupa yake Unguja Ukuu, katika tabaka za karne ya 7 na ya 8.

Atakayekipika nyumbani achanje mapaja ya kuku, ayapake ndimu, thomu, tangawizi na chumvi, ayaache saa 2 au 3. Makaa ya seredani yasiwe na ndimi za moto, maana ndimi huunguza ngozi na kuiacha nyama mbichi mfupani. Embe na nanasi vikatwe vidogovidogo, vichanganywe na kitunguu, kotmiri na pilipili mbichi. Chumvi ya matunda itiwe mwisho kabisa, kwani huyatoa maji, na maji huilowesha chapati. Chapati nayo ikunjwe ingali moto, ikipoa hupasuka. Embe liwe bichi hasa, la kijani hadi ndani: likianza kuiva litashindana na nanasi kwa utamu, na ule ukali alioutaja msafiri hautakuwamo.