Jipe na Matumbawe ya Maziwe

Jipe ni ziwa la maji baridi, lenye kina kifupi, lililo chini ya milima ya Upare Kaskazini katika mpaka wa Tanzania na Kenya. Nalo, kwa kuwa matumbawe hayaishi ila katika maji ya chumvi, halina mwamba wa kuzamiwa, wala maji yake, yaliyozungukwa na matete na kukaliwa na viboko na mamba, si mahali pa mtu kuogelea kwa anasa. Lakini maji hayo hayatuami. Hutoka kwa mto Ruvu, yakakutana na ya Kikuletwa katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, yakashuka kwa jina la mto Pangani, yakaupokea mto Mkomazi uletao baadhi ya maji ya Same na Upare Kusini, hata yakamwagika baharini katika mji wa Pangani. Na nje ya mlango huo ndipo lilipo fungu la Maziwe, ambalo matumbawe yake ndiyo ahali wa Jipe kwa nasaba ya maji.

Maziwe hapo kale ilikuwa kisiwa chenye mivinje, mashuhuri kwa kasa waliopanda kutaga. Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, lakini bahari ilikuwa imekwisha kuula mchanga wake. Miti ikaanguka, na kufikia miaka ya 1980 kikabaki fungu tupu lifunikwalo maji yajaapo. Kasa hawajalihama, na mayai yao huchukuliwa na kufukiwa upya katika pwani ya Ushongo, yasije yakagharikishwa.

Wasafiri wa mashua na majahazi huliendea fungu hili kwa hesabu ya maji, si ya saa: nahodha hutweka ili afike maji yakiwa yametoka na mchanga u wazi. Hapo mgeni huvaa miwani ya kuzamia na mapezi ya mpira miguuni, akang'ata mrija wa kuvutia pumzi, akalala kifudifudi juu ya uso wa bahari, akawaona kitatange wakipenya matawini na pono wakiguguna jiwe kwa meno. Wakati ulio bora ni wa kaskazi na wa maleleji yanayoifuata, kabla masika haijauchafua mto. Asikanyage mwamba kwa hali yoyote, maana kinachoonekana jiwe ni kiumbe hai, laini, kilichojijengea nyumba ya chokaa, kikishirikiana na mimea midogo mno iliyomo mwilini mwake, inayokipa sehemu kubwa ya chakula chake kwa nguvu ya jua. Joto la bahari likizidi, mimea hiyo hutoka, tumbawe likageuka jeupe. Ndiyo maafa yaliyoipata Bahari ya Hindi mwaka 1998.

Tope nalo huua, kwa kulizuia jua na kuvisonga viumbe hivyo. Hapa ndipo Jipe inapostahili kutajwa na kila aandikaye habari za Maziwe: mto Lumi, uteremkao kutoka upande wa Kilimanjaro, huliacha tope lake ziwani, hata kina chake kikazidi kupungua, na perege wa Jipe, samaki aliyepewa jina la ziwa hili na wataalamu mwaka 1955, akazidi kubanwa. Ziwa linabeba mzigo ambao vinginevyo ungeendelea kushuka. Upande wa Same kazi kama hiyo, kwa kiasi kidogo, hufanywa na ndiva, yale malambo ya asili ya Wapare yakingayo maji ya vijito usiku ili yamwagilie mashamba mchana, na ambayo wanakijiji huyafukua tope kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Nionavyo mimi, kazi hiyo ya vilimani ni sehemu ya hifadhi ya bahari, ingawa haihesabiwi hivyo.

Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi, ndiyo iliyokabidhiwa amana ya mto, na Maziwe iko chini ya taasisi ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Ni haki ya msomaji, awe wa Jipe au wa Pangani, kuzitaka mbili hizo zikae mkeka mmoja.