Manowari ya Salale na Kompyuta ya Kibiti

Jumatatu ya tarehe 13 Mei 2024 nilikuwa Kibiti mjini, nimekaa kwenye kibanda cha binamu yangu cha kutoa kopi na kuchapa barua. Akaingia mzee mmoja kutoka ndani ya delta, ameshika bahasha ya plastiki. Alikuwa amepanda boti mpaka Nyamisati, kisha gari mpaka mjini. Ndani ya bahasha mlikuwa na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe aliyeko Maskati kikazi. Tajiri wake huko alitaka nakala ya cheti kabla wiki haijaisha. Kazi ya dakika tano: skani, tuma, lipa, kwaheri.

Skana ikafanya kazi. Printa, ambayo inaongea na kompyuta kwa waifai, ikatoa kopi safi kabisa. Picha za kwenye simu yangu zikahamia kwenye kompyuta bila shida. Lakini barua pepe haikwenda. Kompyuta ilisema imeunganishwa. Ila intaneti hakuna.

Nikaanza kufanya yale ambayo fundi yeyote hufanya, nayo ni rahisi kuliko yanavyoonekana. Unauliza swali moja tu, hatua kwa hatua: nafika wapi? Kwanza nikatazama kama kompyuta imepewa anwani na ruta. Ukiona namba inayoanza na 169.254, jua kwamba kompyuta imejipa anwani yenyewe kwa kukosa wa kuipa, na tatizo liko humo humo dukani. Yetu ilianza na 192.168, kwa hiyo hapo salama. Pili nikaiita ruta kwa namba yake, ikaitika. Tatu nikaita namba ya nje, iliyo mbali. Hatua hii ndiyo huamua mambo. Namba ya nje ikiitika lakini majina ya tovuti hayafunguki, basi kilichoharibika ni kile kitabu cha kugeuza majina kuwa namba. Namba nayo isipoitika, tatizo liko mbele ya ruta. Nikafuata njia kituo kwa kituo. Kompyuta ikaorodhesha vituo vya karibu, kimoja, viwili, vitatu, kisha zikaanza kutoka nyota tupu mstari baada ya mstari. Ujumbe ulikuwa unatoka Kibiti, unafika mahali fulani, halafu kimya.

Kumbe shida haikuwa ya duka, wala ya Kibiti. Siku moja kabla, Jumapili ya tarehe 12 Mei, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika katika bahari ya Afrika Kusini, kaskazini ya Durban. Upande wa pili nako hakukuwa na nafuu: tangu Februari mwaka ule nyaya kadhaa za Bahari ya Shamu zilikuwa zimekatika, ikiwemo Seacom hiyo hiyo. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mkongo wa Taifa ulikuwa mzima, minara ilikuwa imesimama, watu walitumiana pesa kwa kubonyeza nyota na namba kama kawaida. Ndani ya nyumba tulikuwa tunasikizana. Mlango wa nje ndio uliokuwa umefungwa.

Nikamweleza mzee kwamba waya umekatika baharini. Akauliza, "Bahari ipi?" Nikamwambia, ya kusini, mbali. Akacheka kidogo. Akasema wazee wao walikata boriti za mikoko, zikapakiwa majahazini, zikafika Uarabuni kwa upepo tu. Leo karatasi moja inashindwa.

Maneno yale yalinirudisha kwenye habari ambayo nimeisoma miaka mingi, na siku ile nikaona kwamba nilikuwa nimeisoma nusu. Ni habari ya manowari ya Kijerumani Königsberg, ile iliyojulikana kwa Kiswahili kama manowari ya bomba tatu, iliyofia katika delta hii hii ya Rufiji.

Kwa kawaida husimuliwa kama mchezo wa kujificha na kutafutana. Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, ilifika Dar es Salaam mwezi wa Juni 1914. Vita ilipokaribia ikatoka baharini, na tarehe 6 Agosti ikaikamata meli ya mizigo ya Kiingereza, City of Winchester, karibu na Oman. Mwanzoni mwa Septemba ikaingia Rufiji. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba ikaizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, ikarudi tena kujificha, mitambo yake ikiwa mibovu. Waingereza wakaigundua mwishoni mwa Oktoba. Wakazamisha meli kuukuu, Newbridge, katika mkondo mmojawapo wa kutokea. Wakaileta Severn na Mersey, manowari zenye kina kifupi, zikivutwa kutoka Malta. Baada ya mapigano ya tarehe 6 na 11 Julai 1915, Königsberg ikaishia kwenye matope.

Habari ni hiyo, na ni tamu. Lakini isome tena kwa jicho la fundi. Uliza lile swali: nani anafika wapi?

Kabla ya vita, koloni la Kijerumani lilikuwa na njia ya kuongea na Ulaya, ila njia ile haikuwa yake. Tangu 1879 waya wa telegrafu, mali ya kampuni ya Kiingereza, ulipita chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar na kuendelea kusini. Mwaka 1890 Dar es Salaam na Bagamoyo zikaunganishwa na Zanzibar. Maana yake ni kwamba neno la gavana kwenda Berlin lilipitia mezani kwa Mwingereza. Wakati wa amani hilo ni suala la bili tu. Vita ilipoanza, aliyeshika lango alilifunga.

Wajerumani walijua udhaifu huo, ndiyo maana wakajenga redio. Kule Togo, mahali paitwapo Kamina, walisimamisha kituo kikubwa cha kuunganisha mnara wa Nauen, karibu na Berlin, na makoloni yao ya Afrika. Ukipenda, Kamina ndiyo iliyokuwa ruta yao. Haikudumu: usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 1914 waliibomoa wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui. Mnara wa redio wa Dar es Salaam ulikuwa umeshakwisha tangu tarehe 8 Agosti, manowari ya Kiingereza Astraea ilipokuja kuupiga mji. Kituo cha Bukoba kiliharibiwa Juni 1915, Waingereza walipovuka Ziwa Victoria kuuvamia mji ule.

Sasa rudi Salale, ndani ya delta. Königsberg haikuwa bubu. Kwenye ukingo wa mito Wajerumani waliweka walinzi, na vituo hivyo viliunganishwa kwa simu. Chombo kikionekana mdomo wa mto, habari ilifika melini haraka. Siku za mapigano waangalizi waliojificha karibu na adui waliwaelekeza wapiga mizinga. Redio ya meli nayo ilinasa sauti nyingi, na usiku hewa ikiwa nzuri, mnara wa Nauen uliweza kusikika koloni. Kusikia waliweza. Kujibu hadi Ulaya, kuomba, kuuliza, ilikuwa shughuli nyingine. Ndani ya delta mtandao wao ulikuwa mzuri kuliko wa adui. Nje ya delta, dunia haikuitika.

Waingereza walikuwa kinyume chake kabisa. Hawakuijua mikondo ya delta, wala hawakuona kilicho nyuma ya mikoko. Lakini walikuwa na waya wa Zanzibar, na kwa waya ule London ilipata habari na kutoa amri. Kwa hiyo waliweza kungoja. Wakapewa manowari kutoka Malta, wakapewa ndege. Mafia ilipotekwa Januari 1915, ikawa kituo cha ndege hizo, na siku za mapigano mwangalizi angani aliwaambia kwa redio wapiga mizinga wa chini risasi zao zinaangukia wapi. Looff aliwashinda kwa ujuzi wa mahali. Wao walimshinda kwa kuwa na mtu wa kumwita. Nadhani hicho ndicho kilichoiua Königsberg kabla ya mizinga ya Julai.

Nikiishia hapa nitakuwa nimesimulia tena habari ya wazungu wawili waliogombana mtoni. Kuna jambo jingine.

Mitambo ya Königsberg ilipoharibika, vipande vya boila vilihitaji karakana, na karakana ilikuwa Dar es Salaam. Reli haikufika Rufiji. Vyuma vile vilivutwa nchi kavu kwa nguvu za watu, maelfu ya Waafrika, hadi Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa. Na meli ilipokufa, mizinga yake kumi ilitolewa, ikavutwa tena, ikatumika nchi nzima katika vita ya Lettow-Vorbeck. Mmoja ulifungwa kwenye Götzen, meli ya Ziwa Tanganyika ambayo leo tunaiita Liemba. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, watalii wanapiga nao picha.

Kwa hiyo, waya ulipokatika na bahari ilipofungwa, kilichobaki kuiunganisha Salale na dunia kilikuwa bega la mtu. Habari zao ziko wapi? Looff tunamjua. Nahodha wa Severn, Fullerton, tunamjua. Rubani Cull, ambaye ndege yake ilipigwa tarehe 11 Julai na mwangalizi wake Arnold akaendelea kutuma ishara wakati inaanguka, naye tunamjua. Waliovuta boila wanaitwa "wapagazi". Waliowaona Wajerumani wakiingia na Waingereza wakiwatafuta wanaitwa "wenyeji". Bila jina.

Sidhani kwamba hawakusema. Walisema sana, nina hakika, vibarazani, mashambani, kwenye mitumbwi. Tatizo lao lilikuwa lile la kompyuta yetu: ndani kulikuwa na mawasiliano kamili, ila hapakuwa na lango la kuyatoa nje. Aliyekuwa na kalamu na posta alitoka. Wengine habari zao zilizunguka kijiji kwa kijiji mpaka wasimuliaji wakaisha. Halafu sisi tunaosoma tunadhani palikuwa kimya, kama mtu wa Ulaya aliyejaribu kuiita Tanzania siku ile ya Mei akadhani tumezima taa.

Wala delta haikuzaliwa pembezoni. Boriti za Rufiji zimeezeka nyumba za Waarabu muda mrefu kabla ya Mjerumani kuleta manowari. Ilikuwa na lango lake, nalo ni jahazi na msimu wa kaskazi na kusi. Kinachoitwa "mbali" kwenye ramani mara nyingi ni mahali ambapo lango lake limehamishiwa mikononi mwa mtu mwingine. Waya wa 1890 ulipitia kwa Mwingereza. Nyaya zetu za leo hatupigani na wenyewe, lakini bado tovuti nyingi tunazofungua Kibiti zimehifadhiwa ng'ambo, na njia ya kuzifikia ni nyuzi chache zilizolazwa baharini. Zinapokatika kusini na kaskazini kwa pamoja, hata ujumbe wa jirani kwa jirani unaweza kukwama, kwa kuwa ulikuwa unapitia ng'ambo ili urudi nyumba ya pili.

Nimesoma kwamba mafundi wa baharini hutafuta palipokatika kwa kurusha mwanga ndani ya waya na kupima muda unaochukua kurudi. Mwanga hukimbia kilomita kama 200,000 kwa sekunde ndani ya uzi ule wa kioo, kwa hiyo ukijua muda, unajua umbali. Nimeipenda sana njia hii. Kumbe mwanga unaogonga mwisho na kurudi unakuambia mahali hasa pa kwenda kutengeneza.

Tukarudi kwa mzee. Binamu yangu alipunguza ile skani, akaitoa rangi, ikawa faili dogo kabisa. Tukaiacha ijaribu. Mchana ule mtandao ulikuja na kuondoka kama mtu mwenye homa. Mara mbili ilikaribia kwenda, ikarudi. Mzee alingoja karibu saa mbili kwenye benchi. Katika kungoja kule nikamtajia manowari. Akasema, "Aa, bomba tatu hiyo," akanyoosha mkono kuelekea Salale kana kwamba iko nyuma ya duka. Akasema babu yake alikuwa akiisimulia. Akaanza, "Wakati ule watu walichukuliwa..." na pale pale binamu yangu akapiga kelele kutoka ndani: imekwenda!

Basi furaha. Mzee akasimama, akalipa, akaaga. Alitaka kuwahi boti, maji yasije yakakupwa. Nikamwambia safari njema mzee wangu, akaniombea heri, akaondoka.

Jioni nilipokuwa nafunga kompyuta ndipo iliponiingia. Saa mbili nzima nilikuwa nimekaa na mtu mwenye ncha ya uzi ule, mbele yangu kuna kompyuta nzima na ukurasa mweupe. Kuandika hakukuhitaji intaneti. Nilikuwa nahangaika na kituo cha nyota tupu kilicho mbali, na kituo cha karibu kilikuwa kinaitika.

Sikumuuliza hata jina la babu yake. Nimeshapanga, kiangazi kikiingia nitashuka Nyamisati, nipande boti, nikamtafute. Kama yupo, nitamwomba aendelee pale alipoishia: watu walichukuliwa, wakapelekwa wapi.