Ukanda wa Mafuriko: Herufi A, V na X Zinasema Nini

Anayenunua nyumba Houston, Texas, kwa mkopo wa benki hukutana na herufi katika makaratasi yake: A, V au X. Hiyo ndiyo alama ya ukanda wa mafuriko kwenye ramani za FEMA, idara ya serikali kuu ya Marekani inayoshughulikia maafa. Nasema "ukanda", si "eneo", kwa kuwa mto ukifura hupanda kingo zake kwa urefu, na ramani huuchora hivyo hivyo.

Ukanda A ni ule ambao kila mwaka una uwezekano wa angalau asilimia 1 wa kufurika. Ukiandikwa AE, wataalamu wamekwisha kupiga hesabu ya kimo cha maji hayo: kimo cha msingi cha mafuriko, ambacho sakafu ya nyumba hulinganishwa nacho. V ni wa pwani. Hatari ni ileile, ila huongezewa mawimbi ya futi 3 au zaidi, na wimbi huvunja ukuta ambao maji yaliyotulia yangeulowesha tu. X una hatari ndogo zaidi, au ya wastani ukitiwa kivuli kwenye ramani. Ukikuta D, usidhani ni salama: hatari yake haijapimwa.

Linalopotosha ni jina lililozoeleka, "mafuriko ya miaka mia". Mtu akilisikia hudhani yaliyokuja mwaka jana hayarudi mpaka wajukuu wazeeke. Wapi! Asilimia 1 ya kila mwaka, kwa miaka 30 ya mkopo, hufika takriban asilimia 26. Heri tuseme "mafuriko ya asilimia 1 kwa mwaka". Ni refu, lakini halidanganyi. Houston ilifurika vibaya 2015, ikafurika 2016, kisha 2017 kikaja kimbunga Harvey, na nyumba nyingi zilizoingia maji zilikuwa nje ya ukanda A.

Tangu sheria ya 1973, mwenye nyumba katika A au V ambaye mkopo wake una dhamana ya serikali kuu hulazimika kukata bima ya mafuriko. Aliye katika X halazimiki, naye hujiona amesalimika. Lakini bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, na ile ya mafuriko kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuikata. Ukingoja tangazo la kimbunga, umechelewa.