Chipsi Mayai za Maili Moja

Msomaji mwenzangu, historia tuliyokaririshwa shuleni ilikuwa ya vita, mikataba na magavana. Mimi leo naandika ya chipsi mayai. Cheka kwanza, nakusubiri.

Bibi yangu ni wa Kisarawe. Ujanani mwake chakula kilikuwa na mipaka: sinia la wanaume barazani, la wanawake uani, na mpishi ndiye wa mwisho kukaa. Muhogo na nazi vilikuwapo. Shida ilikuwa mafuta ya kupikia. Baada ya vita vya Kagera vya 1978–79 nchi iliishiwa kabisa. Sabuni, sukari, mafuta, vyote kwa foleni, na aliyechoka kusimama aliacha jiwe limshikie nafasi. Unga wa njano ulioletwa kutoka nje ukabatizwa unga wa Yanga, maana Mbongo hata akiwa na njaa lazima atanie. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi; mwenye katoni mbili za ziada uvunguni alilala roho juu. Sasa nani angemimina lita nzima ya mafuta karaini akaange viazi?

Mwaka 1984 serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Mwaka 1985 akaingia Mwinyi, Mzee Ruksa, na mafuta yakaanza kuonekana madukani. Viazi mviringo havikupata kuwa zao la Pwani. Vinashuka na malori kutoka Njombe na Mbeya kwa barabara ile ile ya Morogoro inayoikata Kibaha yetu, na mayai yanatoka mabanda ya hapa hapa mtaani. Kumbe zege unalolipiga jioni ni barabara, ruksa na kuku wa jirani.

Wazee wanasema chipsi zimeua familia, kila mtu na kifuko chake. Labda kwingine. Kwetu Baba alikula peke yake sebuleni, Mama akimpelekea, sisi jikoni. Siku matokeo yangu ya kidato cha nne yalipotoka (usiniulize divisheni) nilijifungia chumbani. Baba akagonga. "Vaa viatu."

Tukaenda Maili Moja, yeye, Mama, mdogo wangu na mimi. Sahani moja kubwa, kachumbari pembeni, vijiti vinne. Mama aliangaza huku na huku kama mtu aliyesahau kitu. Hapakuwa na chungu cha kuepua wala mtu wa kumnawisha. Mwisho akavuta kiti cha plastiki. Mabasi ya mikoani yalikuwa yakipita yakipiga honi, na Baba, bila kunitazama, akasema, "Hata mimi Hisabati ilinishinda." Miaka kumi na nane naishi naye, sikuwahi kulisikia hilo. Kisha akanisogezea kipande chenye yai jingi.

Nilipomsimulia Bibi, hakuuliza habari za matokeo. Aliuliza, "Na mama yako alikaa?"

Alikaa, Bibi.