Ramani za Kale za Ufipa

Wanachama wengi wa Chama Kikuu chetu sasa wanashughulikia hati za kimila za mashamba yao chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, nao huulizana ni nani aliyeanza kuiandika nchi yetu katika karatasi. Katika kijitabu hiki cha miaka kumi twaona yafaa kuwajibu.

Mwaka 1880 Mskoti Joseph Thomson alipita Ufipa, akaliona Ziwa Rukwa kutoka milimani, akaliita kwa jina la Leopold, mfalme wa Ubelgiji, kana kwamba halikuwa na jina! Jina hilo halikudumu. Wadachi nao walipotawala waliiandika Kasanga kuwa Bismarckburg, nalo likafutika vilevile.

Ramani yao kubwa ya Afrika ya Mashariki, iliyopigwa chapa Berlin, ilikuwa ya kipimo cha moja kwa 300,000, yaani sentimita moja ya karatasi ni kilomita tatu za nchi. Msafiri alikwenda na dira na saa, akihesabu mwendo, akaandika vilima na vijiji alivyoviona kushoto na kulia kwa njia yake. Kati ya njia na njia karatasi ilibaki nyeupe. Sisi wa Ufipa twajua kwamba penye weupe ule palikuwa na watu, na matuta ya mviringo yaliyofukiwa majani, na tanuru ndefu za kuyeyushia chuma.

Waingereza walileta upimaji wa namna nyingine. Kati ya mwaka 1931 na 1933 ofisa wa jeshi Martin Hotine alipima mnyororo wa pembetatu magharibi mwa Tanganyika, kuanzia mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini, uwe sehemu ya kipimo kirefu cha longitudo ya 30 kutoka Afrika ya Kusini hadi Misri. Vilele vya milima ndivyo vilivyofaa, maana pembe hupimwa kutoka kilele hadi kilele. Kisha, kwa mistari michache iliyopimwa chini, urefu wa mingine yote hupatikana kwa hesabu. Wapagazi waliopandisha vyombo vile hawakuandikwa katika ramani yo yote.

Baada ya Vita vya Pili zikaja picha za ndege, na ramani za moja kwa 50,000. Hizi ni bora mno, lakini picha ya juu haitofautishi kwa urahisi shamba lililopumzishwa na pori. Kwa hiyo mpimaji afikapo kijijini, wazee na watangulie naye mpakani, wamwonyeshe na mashamba yaliyolala.