Majina Yaliyookoka Moto wa Dublin

Tarehe 1 Januari 1909 wazee wa Ireland walianza kupokea pensheni. Sheria iliyopitishwa na bunge la London mwaka mmoja kabla iliwapa hadi shilingi 5 kwa wiki wale waliotimiza miaka 70 na wasio na kipato cha maana. Kwa mkulima mkongwe wa Mayo au Donegal, aliyeshika fedha taslimu pale tu alipouza nguruwe au alipopata barua ya mwanawe kutoka Boston, hiyo haikuwa hela ndogo. Taabu ilikuwa kuthibitisha umri. Serikali haikuanza kuandikisha vizazi vya watu wote mpaka mwaka 1864, kwa hiyo mtu wa miaka 70 hakuwa na cheti cha kuzaliwa, wala hakuwahi kukihitaji.

Likatafutwa tukio la kupimia. Usiku wa tarehe 6 Januari 1839 dhoruba kali iliezua mapaa na kuua watu karibu Ireland nzima, na kwa miaka mingi baadaye ikaitwa Upepo Mkubwa. Wengi wetu tumewasikia wazee wakihesabu umri wao kwa mwaka wa njaa, wa nzige au wa vita, na maofisa wa pensheni walifanya hivyo hivyo: anayeukumbuka Upepo Mkubwa amefika 70. Ghafla, waliokuwa wakiukumbuka wakawa wengi ajabu.

Njia ya pili ilikuwa ya karatasi. Mwombaji alijaza fomu: jina lake, majina ya baba na mama, kitongoji na parokia alikokulia. Fomu ikapelekwa kwenye Ofisi ya Kumbukumbu za Umma mjini Dublin, ndani ya eneo la mahakama liitwalo Four Courts, ambako karani alifunua sensa ya 1841 au ya 1851 akaitafuta familia hiyo. Akimwona mtoto wa miaka miwili mwaka 1841, mzee alipata pensheni yake. Asipomwona, aliandika kwamba hakuna kilichopatikana.

Sensa zile mbili zilikuwa hazina ya kipekee. Zilitaja kila aliyelala nyumbani usiku wa kuhesabiwa, zikataja ndugu waliokuwa mbali, na zikataja pia wanafamilia waliofariki katika miaka 10 iliyotangulia. Kwa sensa ya 1851, miaka hiyo 10 ndiyo iliyobeba Njaa Kuu, iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwasukuma wengine zaidi ya milioni kupanda meli. Maana yake ni kwamba palikuwa na orodha ya waliokufa, nyumba kwa nyumba, kwa majina, kama walivyotajwa na waliobaki.

Mwezi Aprili 1922 wapiganaji wa IRA, waliopigania uhuru wa Ireland lakini wakaukataa mkataba na Uingereza, waliikalia Four Courts. Tarehe 28 Juni jeshi la serikali mpya iliyoongozwa na Michael Collins lilianza kuipiga kwa mizinga, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Siku mbili baadaye mlipuko mkubwa uliitikisa Dublin na moto ukalila jumba la kumbukumbu. Vipande vya karatasi vilivyoungua vilipeperuka mpaka Howth, pwani, maili kadhaa kutoka katikati ya mji. Ni nani hasa aliyesababisha mlipuko bado kunabishaniwa, nami sioni kama mtafuta babu anafaidika na ubishi huo. Zilizopotea ni wosia, kumbukumbu za mahakama za karne nyingi na karibu sensa zote za 1821 hadi 1851.

Hata hivyo, moto ule husingiziwa mengi. Karatasi za sensa za 1861 na 1871 zilikuwa zimeshateketezwa zamani kwa amri ya serikali yenyewe, na zile za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa sababu karatasi zilikuwa adimu. Sensa nne ziliuawa na makarani, bila kombora hata moja. Ndiyo maana sensa kongwe iliyobaki nzima ni ya 1901, ikifuatiwa na ya 1911, na zote mbili husomwa bure kwenye intaneti. Atakayezilinganisha atakutana na watu waliozeeka miaka 14 au 15 ndani ya miaka 10. Sababu ni pensheni ile ya 1909, basi tarakimu za umri zisiaminiwe upesi.

Maelfu ya fomu za pensheni, kwa upande wao, yapo mpaka leo. Pale karani aliponakili alichokiona, ile nakala ndiyo kipande pekee kilichosalia cha ukurasa ulioungua. Hata pale alipoandika kuwa hakupata kitu, majina ya wazazi na ya kitongoji yalishawekwa kwenye fomu na mwombaji mwenyewe. Ombi lililokataliwa humfaa mjukuu kuliko lilivyomfaa bibi.

Kumbukumbu za makanisa zilikuwa na mkasa wake, na kwangu huo ndio mzito kuliko yote. Kanisa la Ireland, la Kianglikana, lilikuwa kanisa la dola mpaka mwisho wa 1870. Baada ya hapo madaftari yake ya zamani yalitangazwa kuwa mali ya umma, na parokia zisizo na mahali salama pa kuyatunza zikatakiwa kuyapeleka Dublin. Mengi yakapelekwa mahali hapo salama, yakaungua huko. Kanisa Katoliki, la watu wengi lakini lililobanwa na sheria kali kwa zaidi ya karne, halikuwa na hadhi hiyo. Daftari lake halikuhesabiwa kuwa kumbukumbu ya serikali, likabaki kabatini kwa paroko, penye unyevu na panya, likaokoka. Maktaba ya Taifa iliyapiga picha madaftari hayo kuanzia miaka ya 1950, na Julai 2015 ikayaweka kwenye intaneti bila malipo.

Kuyasoma ni kazi ya subira. Mengi yameandikwa kwa Kilatini, ambamo James ni Jacobus na William ni Gulielmus, kwa wino uliofifia. Mstari wa ubatizo hutaja mtoto, baba, mama kwa jina la ukoo wake wa kuzaliwa, na wasimamizi wawili. Wasimamizi wasirukwe. Mara nyingi ni mashangazi na wajomba, na wao ndio humtofautisha Patrick Murphy mmoja na wenzake wa parokia hiyo hiyo. Tatizo ni mwanzo wa madaftari: katika parokia nyingi za magharibi hayaanzi mpaka miaka ya 1820 au baadaye. Pengo hilo huzibwa kwa sehemu tu na vitabu vya kodi, hasa tathmini ya ardhi iliyosimamiwa na Richard Griffith kati ya 1847 na 1864, lakini katika kila familia vitabu hivyo hutaja mwenye kupanga nyumba au shamba tu. Mke na watoto hawamo.

Mfano unaojulikana zaidi wa utafutaji huu unagusa Afrika Mashariki. Katika kitabu chake cha 1995, Barack Obama anaeleza jinsi bibi yake wa Kogelo alivyomsimulia mababu wa upande wa baba, Wajaluo, jina baada ya jina. Upande wa mama haukuwa na msimuliaji wa namna hiyo. Mtafiti wa nasaba Megan Smolenyak alianzia Marekani, akamfuata babu wa mbali wa upande huo, Falmouth Kearney, aliyefika New York akiwa kijana mwaka 1850, mpaka kijiji cha Moneygall katika kaunti ya Offaly. Wakearney walikuwa Waanglikana, na kwa hesabu ya 1922 kumbukumbu zao zingetegemewa kuwa majivu. Lakini madaftari ya parokia yao, Templeharry, hayakuwa Dublin, na kasisi Stephen Neill aliikuta familia hiyo humo, baba Joseph akiwa mshona viatu. Mei 2011 Obama alikwenda Moneygall na kunywa Guinness kwenye baa ya kijiji.

Mpangilio wa kazi ya Smolenyak ndio wa kuzingatiwa na anayetaka kuanza. Ireland ina vitongoji zaidi ya 60,000, na bila jina la kitongoji au parokia madaftari yote hayo hayafunguki. Jina hilo kwa kawaida halipo Ireland. Liko kwenye jiwe la kaburi Ohio, kwenye tangazo la kifo katika gazeti la Boston, au kwenye hati ya ndoa iliyofungwa Liverpool.